Barua ya Kujieleza na Madai Yaliyokwama: Namna Mwalimu Anavyokitumia Chama Chake

Mwalimu akipatwa na tatizo kazini, mara nyingi hufika ofisi ya chama wilayani baada ya barua ya kutakiwa kujieleza kujibiwa na siku kupita. Katibu anafungua bahasha, anasoma jibu lililoandikwa usiku mmoja kwa hasira au kwa woga, na humo anakuta sentensi moja inayomfunga mwalimu mikono. Chama kitasimama nawe kikaoni, kitakusaidia kuandika rufaa, pengine kitakutafutia wakili, lakini sahihi yako iliyokwisha kuingia jaladani hakuna wa kuifuta. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye karatasi na tarehe. Umeandikwa kwa ajili ya walimu wa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za kazi na chama chake, ZATU.

Hakikisha kwanza wewe ni mwanachama

Walimu wengi wanaamini kwamba makato ya chama kwenye hati ya mshahara ni ushahidi wa uanachama. Sivyo. Kifungu cha 72 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinaruhusu chama kinachotambuliwa kuwakata hata wasio wanachama, kwa jina la ada ya uwakala, kwa kuwa nao wananufaika na majadiliano ya chama. Chama cha Walimu Tanzania, CWT, kilichosajiliwa mwaka 1993, hukata asilimia 2 ya mshahara. Kwa hiyo unaweza kukatwa miaka kumi na siku ya tatizo ukaambiwa jina lako halimo kwenye rejista.

Uanachama huanza kwa kujaza fomu TUF 6, ambayo ni idhini yako kwa mwajiri kukata ada. Jaza nakala tatu: moja ya mwajiri, moja ya chama, moja yako, na ile yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kama ulijaza zamani na huna nakala, nenda kwa katibu wa wilaya uombe kuonyeshwa jina lako. Ukitaka kuhama kwenda chama kingine, sheria inakutaka utoe taarifa ya mwezi mmoja kwa maandishi kwa mwajiri na kwa chama unachokiacha. Usihame katikati ya shauri.

Mjue pia mwakilishi wa chama shuleni kwako. Kifungu cha 62 cha sheria hiyohiyo kinaweka idadi: wanachama 1 hadi 9 wana mwakilishi mmoja, 10 hadi 20 wana watatu, 21 hadi 100 wana kumi, na zaidi ya 100 wana kumi na watano. Kazi yao ya kwanza kisheria ni kuwawakilisha wanachama kwenye malalamiko na kwenye vikao vya nidhamu. Shule nyingi zina jina tu la mwakilishi, na kiti chenyewe kipo tupu. Kama kwenu ni hivyo, chagueni mtu kabla hamjamhitaji, tena mtu anayejua kuandika kumbukumbu za kikao. Anayejua kupaza sauti peke yake hatoshi.

Ofisi ipi inashika nini

Malalamiko mengi mazuri hufa kwa kupelekwa mlango usio wake. Mkurugenzi wa Halmashauri ndiye mwajiri: malipo, uhamisho ndani ya halmashauri na posho viko kwake, na Afisa Elimu Msingi au Sekondari anafanya kazi chini yake. Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 25 ya 2015 na yenye ofisi wilayani, inashika kuthibitishwa kazini, kupandishwa cheo na nidhamu. Ukipandishwa daraja, barua hutoka Tume. Mshahara usipobadilika, dai liko halmashauri. Mwalimu anayelilia mshahara TSC, au anayelalamikia adhabu ya nidhamu kwa mkurugenzi, hupoteza miezi, na hakuna anayemwambia kwamba amekosea njia.

Barua zote za kiserikali hupita ngazi. Utaandika kwa Mkurugenzi, kisha chini yake “Kupitia: Mkuu wa Shule”. Mkuu akikataa kuipitisha au akiikalia, usiiruke ngazi kimyakimya, kwa sababu kuruka ngazi ni kosa jipya utakalopewa bure. Mpe barua kwa daftari la kupelekea barua, asaini. Zikipita siku saba za kazi bila jibu, mwandikie ya kukumbusha, nakala kwa katibu wa CWT wilaya. Baada ya hapo katibu mwenyewe anaweza kuibeba nakala hadi masijala ya halmashauri, na mwalimu haonekani mkaidi.

Jalada lako la nyumbani

Kuna jalada lako ofisini, nalo hulishiki wewe. Kwa hiyo weka la kwako nyumbani. Liwe na barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, barua zote za kupanda daraja, barua za uhamisho na za kuripoti kituoni, hati za mshahara (angalau ya mwezi mmoja kabla na mmoja baada ya kila badiliko), fomu za likizo, ruhusa zote ulizopewa, na vyeti vya hospitali ukipewa ED (ruhusa ya daktari ya kupumzika). Ongeza picha za kitabu cha mahudhurio kwa siku zenye utata. Picha ioneshe ukurasa mzima, tarehe juu na majina ya wenzako juu na chini ya lako. Picha ya mstari mmoja hukataliwa kwa sababu haijulikani ni ya siku gani.

Azimio la kazi, maandalio ya masomo na shajara ya somo ni silaha ambayo walimu hawaithamini. Tuhuma ya “hafundishi” huanguka yenyewe mbele ya shajara iliyojazwa kila kipindi na kusainiwa na kiongozi wa darasa. Ikijazwa yote usiku wa kuamkia ukaguzi, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, kamati nayo huliona hilo.

Ruhusa ya mdomo ndiyo inayoponza walimu wengi kuliko kitu kingine. Mkuu amekuambia “nenda tu mwalimu, msibani huwa hakuna barua”, ukaenda siku nne. Mwezi ujao mmekosana, na siku zile nne zimegeuka utoro. Kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa kunatosha kumfukuzisha mtu. Basi ukipewa ruhusa ya mdomo, kabla hujapanda gari mtumie mkuu ujumbe mfupi: “Asante mkuu kwa ruhusa ya leo hadi Alhamisi kwa ajili ya msiba. Vipindi vyangu vya Kidato cha Pili amevishika mwalimu wa zamu.” Akijibu “sawa, pole”, una barua.

Barua ya kutakiwa kujieleza

Sasa umeitwa ofisini, umepewa bahasha. Ipokee. Kukataa kupokea hakuzuii chochote: wataandika kwamba umekataa, watasaini mashahidi wawili, na siku zitaanza kuhesabiwa. Saini kwenye daftari na uandike kwa mkono wako “Nimeipokea tarehe 6 Machi saa 5:20 asubuhi”. Kama barua imeandikwa tarehe 4 na wewe umeipata tarehe 6, maneno hayo yamekuokolea siku mbili. Usitoe maelezo yoyote hapohapo, hata ukibembelezwa kwamba “andika mistari miwili tu tulimalize”.

Siku hiyohiyo piga picha barua umtumie mwakilishi na katibu wa wilaya. Soma ina vitu gani: kosa lipi, siku ipi, mahali gani, na ujibu lini. Barua nyingi hukosa kimoja kati ya hivyo. “Umekuwa na mwenendo usioridhisha” si tuhuma mtu anayoweza kuijibu. Jibu lake la kwanza ni kuomba, kwa adabu, utajiwe tukio na tarehe. Muda uliopewa ukiwa mfupi mno, mathalani saa 24, andika siku hiyohiyo kuomba nyongeza na utaje sababu: unatafuta nyaraka na ushauri wa chama. Kuomba muda kwa maandishi hakujawahi kumdhuru mwalimu. Kunyamaza hudhuru.

Katika kujibu, kuna jambo moja tunalolisisitiza kuliko yote. Sisi tumelelewa kuomba radhi. Mkubwa akikasirika, mdogo anasema “nisamehe”, hata asipojua kosa lake, na mambo yanaisha. Kwenye jalada la nidhamu mambo hayaishi hivyo. “Naomba radhi kwa yote yaliyotokea, sitarudia tena” inasomwa na kamati kama kukiri kosa, tena kosa lote kama lilivyoandikwa na aliyekutuhumu. Kama hukutenda, usiombe radhi. Kama ulitenda sehemu, taja sehemu hiyo tu. Adabu iwe kwenye salamu na kwenye lugha.

Tuchukue tuhuma ya kutokuwepo kituoni tarehe 24 na 25 Februari. Jibu linalosimama linaweza kusomeka hivi:

“Rejea barua yako yenye kumbukumbu namba tajwa hapo juu ya tarehe 4 Machi, niliyoipokea tarehe 6 Machi. Tarehe 24 Februari sikuwa kituoni. Nilikuwa kituo cha afya na nilipewa ED ya siku moja, nakala nimeambatisha (Kiambatisho A). Nilikutaarifu kwa ujumbe wa simu saa 12:40 asubuhi ya siku hiyo (Kiambatisho B). Tarehe 25 Februari nilikuwepo kituoni kuanzia saa 1:05 asubuhi kama kitabu cha mahudhurio kinavyoonesha, na nilifundisha Hisabati Kidato cha Kwanza A na C (shajara, Kiambatisho C). Kwa hiyo sikubaliani na tuhuma ya utoro kwa siku zote mbili. Nipo tayari kutoa maelezo zaidi mbele ya kikao nikiwa na mwakilishi wa chama changu.”

Hakuna historia ya ugomvi wenu, hakuna “mkuu ananionea tangu nifike hapa”. Malalamiko hayo yana barua yake na mlango wake. Ukiyachanganya, kamati itajadili tabia yako ya kulaumu na kusahau kwamba siku ya pili ulikuwepo. Barua isizidi ukurasa mmoja na nusu, viambatisho vitajwe kwa herufi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Mpe mtu wa chama aisome kabla hujaisaini. Hilo ni kazi ya nusu saa.

Ikifika kwenye mashtaka

Makosa madogo huishia kwa mkuu wa shule, kwa onyo au karipio. Makubwa huenda Kamati ya Nidhamu ya TSC wilaya, ambako mwalimu hupewa hati ya mashtaka. Adhabu zinaweza kufika kuzuiwa nyongeza ya mshahara, kushushwa cheo au kufukuzwa kazi. Hapa hati ya mashtaka ijibiwe shtaka kwa shtaka: nakiri, nakana, au nakiri sehemu hii. Shtaka usilolijibu huhesabiwa halikupingwa.

Omba kwa maandishi nakala za ushahidi na majina ya mashahidi wa upande wa pili. Siku ya kikao nenda na mtu wa chama, na mgawane kazi mapema: mmoja anasema, mwingine anaandika kila swali na kila jibu. Muhtasari rasmi utaandikwa na upande mwingine. Usipokuwa na wako, rufaa yako itategemea kumbukumbu za kichwani.

Adhabu ya viboko ndiyo inayowaingiza walimu wengi wazuri kwenye mashtaka haya. Kanuni za 2002 zinasema anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, viboko visizidi vinne, msichana achapwe na mwalimu wa kike isipokuwa shule haina mwalimu wa kike, na kila tukio liandikwe kwenye kitabu. Mwalimu wa zamu anayechapa mstari mzima bila karatasi yoyote hana kinga, hata kama mkuu alikuwa amesimama pale akiangalia. Chama kitamtetea mtu huyo kwa shida. Kama mtoto ameumia, kuna pia kesi ya jinai ambayo hufuata njia yake, na huko anahitajika wakili.

Uamuzi ukitoka, barua yake ipokee kama ile ya kwanza, kwa tarehe na saa. Rufaa ya mwalimu wa serikali hutoka kamati ya wilaya kwenda Tume, kisha kwa Rais. Muda wa kukata rufaa ni mfupi na huhesabiwa tangu ulipopata barua, basi mwone katibu wa chama wiki hiyohiyo. Usikimbilie Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Tangu mabadiliko ya 2016 yaliyoingiza kifungu cha 32A kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma, mtumishi wa umma lazima amalize kwanza njia za ndani. Wapo waliofungua shauri CMA, wakashinda, kisha mahakama ikafuta ushindi wote kwa kuwa CMA haikuwa na mamlaka. Wakati huo muda wa rufaa TSC ulikuwa umekwisha zamani.

Madai ya fedha

Dai likisema “naidai serikali hela nyingi” halina pa kuanzia. Liwe na hesabu. Chukua mfano: barua ya kupanda kutoka ngazi ya mshahara wa walimu TGTS D kwenda E inaanza tarehe 1 Julai, lakini mshahara mpya umeonekana kwenye hati ya Februari. Miezi iliyokosa ni Julai hadi Januari, yaani saba. Kama tofauti ya mshahara ghafi ni shilingi 130,000 kwa mwezi, dai ni 910,000. Andika jedwali la mistari saba: mwezi, uliostahili, uliolipwa, tofauti. Ambatisha barua ya daraja, hati ya Juni, za miezi yote saba, na ya Februari. Walimu hukosea kwa kutumia mshahara wa mkononi. Mikopo na makato vikibadilika hesabu haiwiani, na mhakiki anarudisha dai zima.

Kwenye uhamisho, swali la kwanza la halmashauri ni nani aliyeuomba. Ukiuomba mwenyewe, hulipwi. Ukihamishwa na mwajiri unastahili posho ya kujikimu, ya usumbufu, na gharama za kusafirisha familia na mizigo. Ndiyo sababu usikubali kuandika “barua ya kuomba” ili kumsaidia mtu kukamilisha taratibu. Kwa barua hiyo umesamehe fedha zako zote. Nauli ya likizo hulipwa mara moja kila miaka miwili, na fomu yake huwasilishwa mapema kabla ya mwezi wa likizo. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai: deni ambalo halikuorodheshwa wakati bajeti inaandaliwa linasubiri bajeti nyingine.

Dai la mtu mmoja hukaa sana. Madai ya watu arobaini pamoja husogea. Mwakilishi akusanye ya shule, katibu wa wilaya aunganishe ya kata zote kwenye orodha moja yenye jina, namba ya hundi ya mshahara, aina ya dai na kiasi, na ipelekwe kwenye Baraza la Wafanyakazi la halmashauri, ambako viongozi wa chama wana viti na majibu huandikwa kwenye muhtasari. Mgomo nao ni haki, ila una ngazi zake: usuluhishi ushindikane, kura ya wanachama ipigwe, na notisi itolewe. Mgomo wa walimu wa Julai 2012 ulisimamishwa na Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya siku chache.

Mkuu wa shule naye ni mwanachama

Wakuu wengi wa shule hukatwa ada ileile. Mgogoro wako naye, kwa hiyo, ni wa wanachama wawili, na mwakilishi wa shule ambaye ratiba yake inapangwa na mkuu huyo yuko pagumu. Usimlaumu, mwombe katibu wa wilaya akupangie mtu wa shule nyingine. Fungua daftari la matukio: tarehe, saa, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, nani alikuwepo. Andika siku hiyohiyo. Tukio likiwa la kudaiwa rushwa ya ngono au kutukanwa mbele ya wanafunzi, usingoje yafike matano. Kwa walimu wanawake, kitengo cha wanawake cha chama ni mlango mwepesi zaidi wa kuanzia. Na kwenye kundi la WhatsApp la shule usijibizane. Hifadhi ujumbe, kaa kimya.

Ukiwa shule binafsi

Hapa CMA ndiyo njia yako, na siku ni chache: siku 30 tangu kuachishwa kazi, siku 60 kwa madai mengine kama mishahara. Jaza fomu CMA F1, mpe kwanza mwajiri asaini kupokea, kisha ipeleke CMA pamoja na uthibitisho huo. Ukichelewa unajaza CMA F2 na kiapo cha kueleza kila siku ya ucheleweshaji, na sababu ya “nilikuwa nasubiri meneja aniite” haipokelewi. Usuluhishi una siku 30. Ukishindikana, shauri huenda kwenye uamuzi. Ofisa wa chama anaruhusiwa kukuwakilisha kote huko. Tuzo isipokuridhisha, una wiki sita kuomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iipitie.

Kabla ya kukuachisha, mwajiri lazima akupe sababu na nafasi ya kujitetea, na angalau saa 48 za kujiandaa ukiwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako. Mwenye chini ya miezi sita kazini hana kinga hii ya kuachishwa isivyo haki. Ukiondoka, hesabu vitu hivi: mshahara wa siku ulizofanya, notisi ya siku 28 kwa wanaolipwa kwa mwezi, likizo ambayo hukuichukua, kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka kumi, na cheti cha utumishi. Kiinua mgongo huanza baada ya miezi 12, nacho hakilipwi aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Usisaini karatasi inayosema “sina dai lolote” kwa kubadilishana na mshahara wa mwezi. Mshahara huo ulishaufanyia kazi.

Chama chenyewe kikilala

Hutokea. Katibu hapokei simu, au anasema “tunalifuatilia” muhula mzima. Mwandikie barua kama unavyomwandikia mwajiri: shauri langu ni hili, nilileta tarehe hii, muda wa rufaa unaisha tarehe hii, naomba jibu kabla ya tarehe hii. Gonga muhuri nakala. Siku zikipita, ipeleke nakala hiyo kwa katibu wa mkoa, na isipojibiwa huko, makao makuu. Wakati huo rufaa yako iwe imeshaingia kwa jina lako mwenyewe, kwa sababu muda wa Tume haungoji kikao cha chama.